Umri wa Mihambo

Mwaka 1952 Ambrosi, mganga msaidizi mjini Tabora, alimposa Imakulata. Katarina, shangazi aliyemlea binti huyo, alikataa. Baba yake Ambrosi alikuwa ameanguka shambani na kufa akiwa na miaka thelathini na tisa. Hakuwa mgonjwa.

"Wanaume wa kwenu hawakai," alisema Katarina. "Mimi nimekuwa mjane tangu ujana wangu. Sitaki naye ayaone hayo. Nitajie mmoja wa damu yako aliyezeeka."

"Babu Mihambo, shangazi. Alifariki mwaka jana. Alikuwa na miaka tisini na mitano."

"Kaniletee ushahidi."

Ambrosi alikwenda kwa baiskeli hadi Ntalikwa, kwa bibi yake Apolinaria, mjane wa Mihambo. Alimkuta akipura mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Umepata mke mwenza asiyejua kupika?"

Ambrosi alieleza shida yake. Bibi aliweka fimbo chini.

"Mihambo yupi?"

"Kwani walikuwa wangapi?"

"Wawili. Wa kwanza alianguka na mzigo wa Mjerumani, njia ya Ujiji. Hakuwa na homa. Mdogo wake akachukua mzigo, akarithi jina, akanirithi na mimi. Hiyo miaka yenu inaanza kwa yule wa kwanza."

"Basi aliyefariki mwaka jana alikuwa na mingapi?"

"Sabini na kitu. Nani angehesabu upya? Mihambo ni Mihambo."

"Na baba ni mtoto wa yupi?"

"Alizaliwa mwaka huohuo wa mzigo. Tulimwita mwana wa Mihambo, ikatosha."

Njiani Ambrosi alisimama mara mbili kuhesabu kwa vidole. Kila mara alipata jibu jingine. Angeweza kunyamaza. Hata hivyo alimsimulia Katarina yote.

Katarina aliuliza, akajibiwa, akauliza tena.

"Kwa hiyo wewe utazeeka au hutazeeka?"

"Sijui, shangazi."

Imakulata alitokeza kichwa kutoka jikoni.

"Bibi mwenyewe ana umri gani?"

"Amepita themanini. Bado analima."

"Na yeye si damu ya Ambrosi?"

Katarina alimtazama Ambrosi kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Posa irudi Jumapili," alisema. "Ailete bibi. Nataka kumwona anavyotembea."