Muthokoi wa Watu wa Linux

Siku niliponunua kompyuta, nilimwomba Mwangangi, muuza kompyuta wa Machakos, aniuzie mashine tupu, mfumo wa kuiendesha nitautafuta mwenyewe. Akacheka. "Imekuja na mfumo ndani tayari, madam. Huwezi kununua moja bila nyingine." Nikalipia vyote viwili. Mwaka huo wa 1998 Kikima nzima haikuwa na kompyuta nyingine ya kuchapa, na nilijivuna sana, nisikudanganye. Kisha stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na mfumo ukafa.

Harusi ya binti wa pasta ilikuwa Jumamosi. Kama nisingechapa kadi zake, wateja wangu wote wangehamia Machakos, na ofisi yangu ingegeuka banda la kuku. Nikampigia Mwangangi simu.

"Nunua mfumo upya," akasema.

Nilikata simu kabla sijamtukana.

Mutunga, mpwa wa mama mkwe wangu, alikuwa likizoni kutoka chuo kikuu. Akaja na sidii ya Linux. "Hii ni mfumo pia," akasema, "na ni ya bure."

Mama mkwe, Kasyoka, akasikia neno hilo. Ofisi ilikuwa kwenye ploti yake, tena yeye ndiye mwenyekiti wa mwethya wetu, kina mama wanaochimba mitaro shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu. Neno "bure" humkera kuliko ukame.

"Nani ametengeneza hiyo kitu?"

"Watu wengi, mwaitu," Mutunga akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Wako dunia nzima. Kila mtu anafanya kipande yake, anapatia wengine."

"Hiyo ni mwethya! Na nani anawapikia?"

Mutunga akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Hakuna mtu anawapikia, mwaitu."

"Na nyinyi mnataka jasho yao hivyo tu, na wako njaa? Si kwa ploti yangu."

Basi sidii haikuguswa hadi muthokoi ukaiva. Nilipika mahindi yaliyokobolewa na maharagwe kwa sufuria ya mikutano, na Mutunga akateuliwa kula kwa niaba ya dunia nzima.

"Ongeza," mama akamwambia. "Hiyo ilikuwa ya Amerika. Ulaya bado."

Nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka. Mutunga alifanya kazi akihema kwa shibe, akagombana na printa siku mbili, na Ijumaa jioni printa ikatema jina la bibi harusi. Nililia, wala sioni haya kusema.

Habari zilifika kwa Mwangangi. Akaja mwenyewe, anatabasamu. "Nipee copy, madam. Nitaiweka kwa mashine zote nauza."

Nilikuwa nimemwekea maneno makali, lakini mama akanitangulia.

"Utapewa, bure kabisa. Lakini kwanza kula."

Akala, akasifu, akaongezewa.

"Sasa Jumatano mwethya iko kwa shamba ya Mutindi," mama akasema. "Mtu akikula yetu, anachimba."

Alikuja, amevaa viatu vya ngozi. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, viganja vimejaa malengelenge, akiniuliza kwa upole kama hawezi kulipia siku hiyo tu, arudi dukani.

"Ule muthokoi ulikuja na jembe ndani tayari," nikamwambia. "Huwezi kupata moja bila nyingine."

Kisha akacheka, akavua viatu, akaushika mpini.