Dhamana ya Fundi Bartalis

Lőrinc Bartalis alizilegeza nyuzi nne za gita langu, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu anayefungua vifungo vya koti baada ya kazi. Kisha akachukua bisibisi. Nilikuwa nimelipiga gita lile kwa dakika kumi tu. Miaka miwili na miezi minne ya kulisubiri, dakika kumi za kulipiga, na sasa mzee yule analibomoa mbele ya macho yangu, anazipanga skrubu zake kwenye kisahani cha chai.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nalifungua."

"Naona unalifungua. Nauliza kwa nini."

"Ili wewe ulifunge," akasema, na akaing'oa shingo ya gita kutoka kiwiliwilini. Ililia kidogo, mlio mkavu. Mkewe, Piroska, aliyekuwa mlangoni na sinia la kahawa, alitikisa kichwa na kurudi jikoni.

Niliwahi kumkasirikia mume, na baadaye nikamwacha. Niliwahi kuwakasirikia wenye kumbi za harusi, mafundi mitambo, hata padri mmoja aliyetuzimia umeme katikati ya wimbo. Lakini hasira ya siku ile kule Reghin, mjini kwa fundi yule, ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuwa hasira unayomwonea mtu mwenye haki.

Yote yalianzia mkononi. Nilikuwa nimepiga besi harusini na studio, Cluj na vijiji vyake, kwa miaka kumi na sita, na gita zito la kiwandani ambalo shingo yake ilitengenezwa kwa kiganja cha mwanamume. Mwaka wa kumi na saba vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Nilikuwa nikishika kikombe, kikombe kinaanguka. Daktari aliniambia nibadilishe gita au nibadilishe kazi, akalisema hilo kama mtu anayenishauri nibadilishe viatu.

Wapiga besi wote wa nchi yetu walijua kwamba kwa gita la besi unaloagiza kama unavyoagiza suti, unakwenda kwa Bartalis. Alikuwa akitengeneza sita kwa mwaka, hazidi hapo. Nilikwenda, akakipima kiganja changu kwa kipande cha uzi, akanishika kifundo cha mkono kama mganga, akaniuliza ninalala upande gani. Nikachagua mbao: mjozi kwa kiwiliwili, maana ni mwepesi. Nikauza gari langu. Akasema mwaka mmoja.

Mwaka wa pili ulipoisha, fununu zikaanza. Doru, mpiga ngoma wetu, ndiye aliyezileta, tukiwa tunapakia vyombo kwenye gari la bendi.

"Nasikia mzee wako anafunga karakana."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Crina, dada yangu, gita la bei ile ni ndoa. Wewe unaolewa na mtu ambaye kesho yake haijulikani."

"Siolewi naye. Naolewa na gita."

"Afadhali ungeolewa naye. Angalau ungerithi mashine."

Nikampigia simu Bartalis. Akapokea Piroska, akasema mzee yuko bustanini. Ilikuwa Januari. Wiki iliyofuata nikapiga tena, akapokea binti yao Ildikó, aliyekuja kutoka Bergamo, akaniambia kwa upole kwamba baba ameshastaafu. Siku mbili baadaye ikaja barua ya Bartalis mwenyewe, kwa kalamu ya wino: mbao imekubali, niwe na subira. Mwezi uliofuata mtu fulani akaniambia jengo limeshaahidiwa kampuni ya makabati ya jikoni. Nikaandika barua, nikapiga simu, nikatuma salamu kwa mpiga fidla wa Târgu Mureș. Kila jibu lililokuja lililiua jibu lililotangulia. Wakati huohuo vidole vyangu vilivyokufa ganzi vilikuwa vitatu sasa.

Kisha, mwezi Machi, ukaja ujumbe wa maneno manne: "Gita limekwisha. Siuzi tena."

Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mkate. Sikununua mkate. Asubuhi yake nikapanda treni, nikabadilisha treni kule Deda, nikasubiri saa nzima kwenye baridi na mbwa wawili wa stesheni, na saa sita mchana nikawa nagonga mlango wa karakana kwa ngumi.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda. Aproni yake, ambayo zamani ilimbana tumboni, sasa ilimzunguka mara mbili.

"Nilijua utakuja," akasema. "Viatu vina matope."

"Gita langu liko wapi?"

Lilikuwa limelala juu ya blanketi, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Siwezi kulieleza vizuri. Mjozi ule ulikuwa na rangi ya asali iliyokaa sana kabatini, na mishipa yake ilikimbilia mahali pamoja, chini ya mkono, kana kwamba mti ulijua tangu ukiwa mdogo mtu atakuja kuuegemea hapo.

"Siuzi," akasema tena, kabla sijaligusa.

Ndipo akanieleza. Kila gita lililotoka mikononi mwake lilikuwa na karatasi ya dhamana, aliyoiandika kwa mkono: kwamba yeye, Lőrinc Bartalis, atalitunza gita hili maadamu yu hai. Ameziandika karatasi mia moja tisini na mbili. Hajawahi kumrudisha mtu mlangoni. Sasa daktari wa Târgu Mureș amemwambia mlango mmoja wa moyo wake umechoka, utabadilishwa tarehe kumi na nne, na kwa umri wake mambo ni nusu kwa nusu. Akipona, Ildikó anamtaka Bergamo. Jengo, kweli, limeahidiwa.

"Kwa hiyo nikikuandikia dhamana, nimekuandikia uongo. Sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi ile. Nitakurudishia kila ulichonilipa, na mbao nakuachia bure ukampe fundi mwingine."

"Basi usiandike dhamana!"

"Gita bila dhamana ni kipande cha kuni."

"Mzee Bartalis, watu wananunua magari kutoka kwa watu ambao hawatawaona maishani!"

"Ndiyo maana yanaharibika."

Kutoka jikoni Piroska akapaza sauti: "Miezi miwili namwambia hayohayo! Miezi miwili! Afadhali ungezungumza na jiko."

Nikauinua mkono wangu wa kushoto mbele ya uso wake. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Nilikikunja kidole cha kati, kikakataa katikati ya safari, kikatetemeka hapo hewani. Aliutazama mkono muda mrefu, kama anavyotazama mbao.

"Siondoki," nikasema. "Utakwenda hospitali, utanikuta hapa. Kampuni ya makabati ikija, itanipigilia ukutani."

Hakucheka. Alilichukua gita, akalichomeka kwenye spika, akanipa. "Piga."

Nikapiga. Shingo ile ilijaa kiganjani mwangu kama mkono wa mtu ninayejuana naye. Vidole vyangu vilikwenda pale vilipotaka kwenda kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na sauti ilitoka chini, pana, tulivu, mpaka vikombe vya Piroska vikaitikia. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshika kisahani cha chai mkononi, ananisubiri nimalize.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka akalibomoa.

Nilikaa siku tatu, nikilala kwenye chumba cha Ildikó, chini ya picha za wacheza filamu wa ujana wake. Niliwapigia simu wenzangu wa bendi kwamba Jumamosi watafute mtu mwingine, na Doru akaniuliza kama nimeshafunga ndoa. Asubuhi Piroska alinipa supu ya maharage na nyama iliyokaushwa kwa moshi, kisha nilishuka karakanani kuteswa. Bartalis alikaa kwenye kiti, pumzi fupi, mikono magotini. Hakugusa chochote. Alisema tu.

Nilijifunza kuifunga shingo ikae sawa. Nilijifunza kukizungusha chuma kilichofichwa ndani yake, robo mzunguko, halafu kungoja, maana mbao, alisema, haipendi kuharakishwa. Nilijifunza kuvisugua vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo kama ngazi, kimoja kikizidi kingine hata kwa unene wa unywele, uzi unalia kama nyuki ndani ya chupa. Nilijifunza kuunguza viungo vya waya za sumaku zinazonasa sauti na kuziunganisha upya. Niliunguza na kidole.

"Tena," alikuwa akisema.

"Hii ni sawa!"

"Kwa nani? Tena."

Siku ya pili alasiri patasi ilinichomoka, ikaacha mkwaruzo mrefu kama kovu nyuma ya kiwiliwili. Mkwaruzo, kwenye mjozi ule. Niliitupa patasi chini, nikamwambia mambo ambayo hayapaswi kuambiwa mzee, tena mgonjwa, tena ndani ya nyumba yake. Nikamwambia mimi ni mwanamuziki, sikuja kusomea useremala. Kwamba kiburi chake kimevaa nguo ya uaminifu. Kwamba anaogopa kufa na anataka sote tushike foleni nyuma ya woga wake.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ndiyo, naogopa," akasema. "Sasa okota patasi. Bora uliharibu mimi nikiwapo."

Piroska alikuwa amesimama ngazini. Aliniambia baadaye, tukimenya viazi, kwamba katika miaka arobaini na sita ya ndoa hajawahi kumsikia akisema maneno hayo mawili ya kwanza. Hakuonekana kufurahi. Alionekana mtu aliyechoka ambaye hatimaye amepewa kiti.

Siku ya tatu nililifunga na kulifungua mara nne. Mara ya nne alifumba macho nikiwa napiga, na nikamaliza nyuzi zote, kijiti baada ya kijiti, kutoka juu hadi chini, na hakusema "tena." Akaomba kalamu. Akaichukua karatasi ya dhamana, ya mia moja tisini na tatu, aliyokuwa ameianza kabla ya kwenda kwa daktari, akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika jina langu. Gita hili litatunzwa na Crina Pârvu maadamu yu hai. Chini akatia sahihi yake kama shahidi.

"Nimenunua gita," nikamwambia, "na mwenye kulidhamini ni mimi mwenyewe."

"Wewe ni mdogo," akasema. "Ni dhamana nzuri."

Treni ya kurudi nilipanda nimekasirika. Ninataka hilo lijulikane. Nililikumbatia gita mpaka Cluj, na njia nzima nilikuwa nikimjibu kichwani.

Moyo wake ulikubali ule mlango mpya. Majira ya joto wakahamia Bergamo, na ndani ya karakana sasa wanakata mbao za makabati, nasikia makabati mazuri tu. Vidole vyangu vilirudi, viwili kabisa, cha tatu kwa kusuasua. Miaka miwili ikapita.

Kisha Alhamisi moja akaja mlangoni kwangu mwanamume aitwaye Cosmin, ametoka Brașov kwa basi, mgongoni amebeba gita la besi la Bartalis. Mzee alimpa anwani yangu. Alimwambia mimi ndiye ninayeyashughulikia magita yake siku hizi. Wengine wawili, alisema, watakuja wiki ijayo. Nilimwacha anavua viatu, nikalichukua gita, nikalisikiliza, kisha nikaingia jikoni na kupiga simu Bergamo.

"Umewapa watu anwani yangu bila kuniuliza!"

"Ungekataa," akasema Bartalis.

"Bila shaka ningekataa!"

"Ndiyo hivyo." Nilisikia televisheni ya Kiitaliano nyuma yake, na Piroska akiizomea. "Huyo wa Brașov. Uzi gani unalia?"

"Wa tatu."

"Kijiti cha saba. Nakikumbuka. Kilikuwa kikaidi."

"Si cha saba. Ni cha tisa. Cha saba kiko sawa."

Nilingoja abishane, nilikuwa nimejiandaa, hata maneno nilikuwa nayo. Televisheni ikazimwa.

"Mimi silioni," akasema mwishowe. "Wewe unaliona."

Nikakata simu, nikasafisha meza ya jikoni, nikatandika blanketi juu yake.