Majibu ya Saa Moja Asubuhi

Saa moja kasorobo asubuhi Mama Mizani alikuwa mezani, miwani puani, akiifundisha simu kuongea peke yake. Jina hilo alilipata kiwandani, alikopima unga wa rangi miaka kumi na tisa mpaka kifua kikamgomea. Sasa aliendesha kikundi cha mtandaoni cha watu waliopitia chumba cha rangi. Kilikuwa na watu thelathini na wanne, nusu yao wamelala doro. Kanuni za kiwanda zilisema kikundi kitasikilizwa kikifika watu mia mbili, naye alitaka jambo moja tu: madirisha ya chumba kile, yaliyopigiliwa misumari, yafunguliwe. Mdogo wake bado alikuwa akifanya kazi mle, na kikohozi chake kilishaanza kubadilika sauti.

Akaipa programu ya simuni posti moja ya kutuma kila siku saa moja: "Umeamkaje, na kifua je?" Majina ya kutumiwa aliyachukua yote kwenye daftari la mahudhurio la kiwanda. Hapo ndipo alipoteleza. Kiwandani mtu hafutwi daftarini mpaka aproni yake irudishwe stoo, na familia nyingi zilizozika hazikuwa na moyo wa kurudisha aproni.

Kesho yake, saa moja kamili, wakajibu wote. Wa kwanza alikuwa fundi mchanganyaji, aliyezikwa miaka minne iliyopita. "Nimeamka salama. Kifua kimetulia, ila sauti bado ina vumbi." Simu yake ilikuwa kabatini kwa mjane wake, haina hata laini. Mjane akamwandikia hapohapo kwamba alipaswa kumsalimu kwanza yeye mkewe kabla ya watu baki, na marehemu akaomba radhi. Walio hai walinung'unika kidogo tu: hawa wenzetu hawana watoto wa kuogesha, ndiyo maana wanatuwahi.

Kila aliyejibu aliingia kikundini, na wiki hiyo kikafika watu mia mbili na kumi na mmoja. Mama Mizani akachapisha majina, akavaa gauni lake la heshima, akaenda kwa meneja.

Meneja akapitisha kalamu kwenye orodha. "Mama, wengi hapa ni marehemu."

"Ndiyo. Na wanajibu kuliko sisi tulio hai."

"Sikatai kwamba wanajibu. Ila kanuni nimeirekebisha leo asubuhi. Wanachama wawe wanapumua."

"Si ndicho tunachokuomba, mwanangu?"

Meneja akasema rangi ikipigwa upepo hukauka vibaya, na kwamba angeshukuru marehemu wakitolewa kikundini.

"Daftari ni lako. Wafute wewe, mmoja mmoja, na uwape sababu. Mimi simtoi mtu."

Alitoka na orodha yake mkononi. Mdogo wake alikuwa anaingia zamu, kitambaa mdomoni.

"Dada, wamekubali?"

"Wamekataa. Nenda, ila usivute pumzi ndefu."

Akaketi kwenye ngazi za lango, akafungua programu. Akafuta swali la zamani, akaandika jipya, liende kila saa, na meneja naye apate kila jibu. Programu ikauliza tarehe ya kukoma. Akapaacha patupu.

Saa nne kamili likatoka: "Madirisha yamefunguliwa?"

Ghorofani simu ya meneja ikaanza kulia, na ilikuwa bado inalia saa tano, swali lilipotoka tena. Walijibu wote, aliyezikwa miaka minne iliyopita na aliyezikwa Jumatatu, kila mmoja kwa jina lake na namba ya aproni yake: bado.