Ruta ya Pembe Nane

Mama Madeleine, mwenye duka la vifaa vya Wi-Fi, alimwita Guelor, mwuzaji wake, nabii, na hakuwa anatania sana. Kila Januari, kabla ya kuagiza mzigo unaopitia mpaka wa Kasumbalesa, alimwuliza: "Guelor, mwaka huu bantu batanunua nini?" Kijana alijibu bila kukuna kichwa, na mzigo uliisha wote.

Siri yake ilikuwa mashine ya fotokopi. Ilikaa kwenye kona ya duka, na familia za mtaa zilikuja hapo kuchapisha orodha za mahari. Mwandishi alikuwa Guelor. Mbuzi, suti ya baba, jembe, vitenge vya mama, na tangu miaka mitatu hivi, ruta moja ya Wi-Fi. Mteja anaweza kubadili mawazo mlangoni, lakini mjomba wa bibi harusi akishaandikisha, ameandikisha. Basi Guelor alihesabu orodha, wateja akawaacha waendelee kuulizia bei.

Ila nabii naye akiona mambo yanachelewa, huyasukuma kidogo. Mjomba akitaja ruta ya antena mbili, Guelor aliinua nyusi.

"Mbili, mujomba? Mutoto alisoma mpaka iniversite, na munaomba mbili?"

Mjomba alikohoa, akasema nne. Mwaka uliofuata, sita. Mtaani antena waliziita pembe, na hakuna aliyetaka kumwoza binti yake kwa mnyama wa pembe mbili.

Wakati huo wote Guelor alikuwa akimpenda Syntiche, na chini ya kaunta alikuwa ameficha ruta yake mwenyewe ya pembe nne, tayari kwa siku yao.

Siku ya kupokea orodha alikwenda na kaka yake, Mumba. Mjomba wa Syntiche, mzee Chishimba, aliwapa bahasha. Guelor aliifungua, akayakuta maua yake mwenyewe, yale anayopamba nayo pembeni mwa karatasi. Ilikuwa fotokopi ya orodha aliyoiandikia familia nyingine. Majina tu yalikuwa yamefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu. Mstari wa saba: *Ruta moja ya antena nane, mpya, ndani ya katoni yake.* Hata alama za mkato zilikuwa zake.

"Mujomba," alisema, "ya nane iko ya maofisi ya mine ya shaba. Miye siiwezi. Ya nne inaenea nyumba yote, inapita mpaka ku choo."

"Guelor. Si ni weye ulisema mu duka, mbele ya bantu, ya nne iko ya banda ya kuku?"

Mumba aliangalia viatu vyake.

"Nilikuwa nauzisha, mujomba."

"Na miye nilinunua. Sasa niombe nne kwa mutoto yangu, bantu ba paroki baseme nini? Kwangu ni banda ya kuku? Nakupatia mpaka Pasaka."

Pasaka ilipita, na ya nane Guelor hakuipata. Mwezi wa sita aliingia dukani Merdi, fundi mitambo wa mgodi wa Kinsevere, ana karatasi mkononi, maua pembeni. Guelor hakuhitaji kuisoma. Alipanda ngazi, akashusha katoni.

"Nabii yangu," Mama Madeleine alisema kwa furaha, "ulisema nane, na nane imetoka. Mupelekee kule kwa mzee Chishimba, katoni iko mukubwa."

Akaipeleka. Mzee Chishimba alimwonyesha juu ya kabati la vyombo, palipokuwa pametandikwa kitambaa cha kufuma.

"Niichomeke, mujomba?"

"Ya nini? Hatuna abonema ya interneti. Iweke tu, bageni baione."

Guelor akazisimamisha pembe moja moja, zote nane. Syntiche alimletea maji, ameshika bilauri kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

"Ulikuwa unaandika muzuri, Guelor," alisema polepole. "Muzuri sana."

Maji aliyanywa yote, akamrudishia bilauri.

Akiwa njiani, simu ikalia. Mama Madeleine alitaka kuagiza mapema: mwaka kesho je? Guelor alisimama akageuka kuitazama ile nyumba. Dirishani zile pembe zilionekana vizuri, na jirani mmoja alikuwa ameshasimama kwenye uzio, anazihesabu kwa kidole.

"Kumi na mbili, mama," alisema. "Agiza nyingi."