Ramani Isomeke kwa Mbali

Siku ukuta ulipobomolewa, dada mtu hakumlaumu mdogo wake mbele ya mafundi. Alisema tu, "Bomoeni," akasimama kuitazama nyundo ikila matofali yaliyokuwa bado yana unyevu. Yeye alikuwa msimamizi wa ujenzi wa ile zahanati. Mdogo wake ndiye mchora ramani. Mlango wa wodi ulitakiwa uwe na upana wa sentimita mia na ishirini. Kwenye karatasi, tarakimu zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Ile mbili ikajaa wino, ikasomeka sifuri, na fundi akaacha mia tu. Kitanda cha magurudumu kisingepita.

Tangu hapo dada alipokea simu za kazi tu. "Nakusikia. Sema." Basi. Kwa watu waliolala kitanda kimoja mpaka wakawa wakubwa, maneno hayo mawili yaliuma kuliko matusi.

Mchora ramani alijua kosa lilikozaliwa. Ofisini walikuwa watatu, na kila mwamba ngoma huvutia kwake: mmoja herufi kubwa, mwingine ndogo, na yule waliyemwita Mishale alivichomekea vipimo vyake mishale minene utadhani anakwenda vitani. Ramani ya zahanati ilikuwa imeungwa kutoka mikono yote mitatu. Kunyoosha mstari kwa mstari alishajaribu. Leo unanyoosha, kesho mwenzako anafungua faili na kurudisha yake.

Ndipo akaamua kuiandikia programu ya kuchorea maagizo: skripti fupi ambayo, kila ramani inapofunguliwa, ingeweka yenyewe mtindo mmoja wa maandishi na vipimo. Hakuwahi kuandika kitu kama hicho. Alijifunza wenzake wakienda kula, akikosea, akifuta, akisonya.

Alipoijaribu mara ya kwanza, neno CHOO lilifunika wodi nzima, likatoboa ukuta, likatokea barabarani.

Mishale alicheka mpaka akashika meza. "Bibie, sasa wagonjwa watalala wapi?"

"Ndani ya O. Si ziko mbili?"

Alicheka naye, maana angelia. Kumbe skripti ilikuwa ikikuza herufi kwa kipimo cha ramani mara mbili badala ya moja. Akafuta mstari mmoja, akafungua upya. Herufi zikatulia, zote kimo kimoja. Tarakimu zikakaa juu ya mistari yake, safi, bila kukanyagana.

Kicheko cha Mishale kilikatika alipofungua faili lake. "Nani kaninyang'anya mishale yangu?"

"Mimi." Akachapisha kurasa mbili, ya zamani na mpya, akazibandika ukutani. "Rudi nyuma mpaka mlangoni, unisomee."

Ile mpya aliisoma bila shida. Kwenye ile ya zamani, aliyoichora mwenyewe, alikunja uso, akasogea hatua, akasogea nyingine.

"Fundi yuko juu ya jukwaa, kaka yangu, na jua liko machoni. Hawezi kusogea."

"Haya," Mishale akasema, akikuna kidevu. "Ila ile alama yangu ya kaskazini uiache. Ile nzuri."

Alama ya kaskazini ikaingia kwenye skripti, na ofisi nzima ikaanza kuitumia.

Ramani mpya ya wodi ya pili hakumpa mtu aipeleke. Aliipeleka mwenyewe. Ukuta uliojengwa upya ulikuwa bado na rangi tofauti na wenzake, na alipoupita aliinamisha macho. Dada aliichukua karatasi kwa mikono yenye vumbi la saruji, akainyoosha mbele yake, akaanza kumpigia kelele fundi aliyekuwa upande wa pili: upana wa dirisha, kimo cha kizingiti, unene wa ukuta. Hakusita hata mara moja. Alipomaliza, aliigeuza karatasi kama anayetafuta kilichofichwa nyuma yake.

"Hii kaandika nani?"

"Kompyuta. Mimi niliifunza adabu."

Dada akaguna, midomo ikikataa kucheka na macho yakimsaliti. "Ungeifunza mapema."

"Najua, dada. Nisamehe."

"Zile ramani nyingine je? Za jengo la akina mama?"

"Bado. Nitazipitisha zote."

"Zipitishe." Akakunja karatasi taratibu, akaitia kwapani. "Halafu Jumapili uje nyumbani. Watoto wamechoka kuniuliza uko wapi, na mimi nimechoka kuwadanganya."