Abiria wa Jumapili ya Mwisho

Jumapili ya mwisho ya Mei, mwaka 1998, Dominiki aliitoa baiskeli yake chini ya ngazi za jengo lao pale Umbilo, akaijaza upepo, kisha akakaza nati za keria kwa spana. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, nyembamba kama mguu wa korongo, na walioiunda hawakuwahi kufikiri kwamba itabeba mtu wa pili. Dominiki alipoinunua kwa mzee mmoja wa Chatsworth, jambo la kwanza alilofanya ni kuifungia keria ya chuma, ile nzito ya kubebea mkaa na wagonjwa kule kwao Kigoma. Mzee alipoiona tena alishika kiuno akasema ameiharibu. Dominiki alimjibu kwamba baiskeli isiyo na nafasi ya mtu wa pili ni uchoyo wenye magurudumu.

Waendesha baiskeli wa Umbilo walikuwa Watanzania na Wakongo, wageni katika nchi ya Wazulu, watu wa kazi za wiki nzima. Jumapili walitoka kanisani, wakala, wakateremka hadi bandarini, wakafuata ufuko mpaka mto Umgeni unapoingia baharini, wakarudi. Msimu wao ulianza joto liliporudi Septemba, ukaisha mwishoni mwa Mei, upepo wa kusini unapoanza kumpiga mtu kifuani na jua kuzama mapema. Siku hiyo ya mwisho baiskeli zilioshwa, minyororo ikasuguliwa kwa mafuta ya taa, zikatundikwa kwa waya kwenye bomba la dari ya gereji. Baiskeli ikishatundikwa haishuki mpaka Septemba. Alain, msusi wa saluni, aliwahi kuteremsha yake Julai aende kumwona mchumba, akavunjika jino la mbele, na mchumba akakataa. Tangu hapo hakuna aliyejaribu.

Keria ile hasa ilikuwa ya Peguy. Peguy alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa mabega mapana, mwenzao pekee asiye na baiskeli. Kila Jumapili alipanda nyuma ya Dominiki, miguu yote upande mmoja kama bibi harusi, na kwenye kona aliinamia upande usiotakiwa, wakagombana njia nzima. Alikufa mwezi wa tatu. Kampuni ya kupakua mizigo ilisema hakuwa zamu, aliingia kwa kuruka waya, akaiba gunia la mchele, na alipokuwa akitoka akaanguka akavunjika shingo. Maiti ilikutwa nje ya ua. Gunia halikuonekana, na kampuni ikasema bila shaka alikuwa na wenzake.

Habari hiyo ilipofika Umbilo, wanawake wa kanisa walikuwa wamekaa matanga na mjane wake, Immaculée. Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na sufuria yake. Matanga ya mwizi hayaondolewi kwa nyimbo, alisema Maman Odette, kiongozi wao, aliyekaa ghorofa ya chini. Na matanga yasipoondolewa, mjane havui nguo nyeusi. Immaculée alikuwa nazo mpaka siku hiyo, zimeanza kuchujuka mabegani.

Basi jua lilikuwa limeshalalia yale mawinchi marefu ya mizigo, waendesha baiskeli walipokuwa wakirudi kupitia barabara ya bandari. Peguy alikuwa amekaa kando ya njia karibu na lango la kampuni, gunia la mchele begani, mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Umechelewa," alimwambia Dominiki.

"Upepo," Dominiki akajibu. "Panda."

Akapanda. Tairi la nyuma likalala karibu na rimu. Alain alikuja ubavuni, akawatazama wote wawili.

"Eish, Papa Peguy! Iko unanenepa kule ulikwenda?"

"Hapana mimi. Ni hii saki," akaligonga gunia.

"Si uitue?"

"Inakatala."

Alain akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa lifti imeharibika. Kwenye robot, zile taa za barabarani, dereva wa teksi alimzomea Dominiki kwa Kizulu, kwamba mzigo wa namna ile unahitaji bakkie, gari la mizigo. Kwenye kona Peguy aliinamia upande usiotakiwa.

"Bwana wee, hata kufa hakukukufundisha!" Dominiki akasema, na akaendelea kukanyaga pedali, jasho likimtoka ingawa upepo ulikuwa baridi.

Immaculée alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alimwona mumewe, akaweka mchi pembeni, akafuta mikono.

"Umekula?"

"Nilikula."

"Ulifia wapi?"

"Ndani. Nilikuwa kazini. Rundo liliinama, hii saki ya juu ikaniangukia. Wakanibeba, wakaniweka inje ya waya."

"Na saki?"

"Ile waliisahau. Mimi nilikuja nayo."

Immaculée aliinua uso kwenye dirisha la ghorofa ya chini. "Maman Odette, umesikia?"

"Nimesikia, mama." Maman Odette alikuwa akimenya kitunguu. "Lakini kila muume anasema vile mbele ya muke wake. Kampuni yenyewe iseme. Ikisema, mimi mwenyewe nitaanzisha wimbo."

Wenzao walikuwa wameshaleta ndoo na matambara. Immaculée alimwomba Dominiki asiitundike bado. Dominiki alitazama jua, akasema safari ni ile ile moja mpaka baiskeli ioshwe. Wakateremka tena: Peguy na gunia kwenye keria, Immaculée kwenye bomba la mbele la baiskeli ya Alain, ameshika sketi yake nyeusi isiingie kwenye mnyororo.

Meli hazijui Jumapili, na ofisi ilikuwa wazi. Msimamizi alikuwa mtu mpole mwenye sweta lililofumwa kwa mkono. Alimkumbuka Peguy, akamwambia good evening, akamwuliza kama nje kuna baridi. Kisha akaliona gunia. Aliligeuza, akasoma chapa ya kampuni, akapitisha kidole juu ya uzi mwekundu, akaona halijafunguliwa. Akaita vijana wawili. Lile gunia lililokataa kutuliwa tangu mwezi wa tatu likatoka begani mara moja, bila kushindana, kama mtoto anayepokewa na mama yake.

Msimamizi akashukuru. Alisema ni wachache wanaorudisha, na kwamba kwa sababu mchele umepatikana mzima, kampuni haitalifikisha jambo hili mbali zaidi.

"Hakurudisha," alisema Immaculée. "Lilimwangukia. Hapa ndani. Mwulize, si huyo?"

Msimamizi alimgeukia Peguy na kumsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Halafu akauliza kama kuna mtu aliye hai anayeweza kusema hivyo. Vijana wale wawili walikuwa zamu moja na Peguy siku ile. Mmoja wao ndiye aliyemshika miguu walipombeba nje ya waya. Wakatazama viatu vyao. Walikuwa Wakongo pia, na karatasi zao za ukaazi zilikuwa zinakaribia kuisha muda.

"Tafadhali, gunia likae kwenye mizani," msimamizi akawaambia.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Dominiki alipanda mlima wa Umbilo bila kusimama. Kabla hawajafika, vijana wa bandarini walikuwa wameshapiga simu kwenye duka la simu la mtaani, na jengo zima lilijua kwamba Peguy amerudisha gunia.

"Kumbe alikuwa nalo," alisema Maman Odette, akafunga dirisha kwa sababu ya baridi.

Baiskeli zikaoshwa, zikatundikwa. Hapakuwa tena na baiskeli ya kumrudisha Peguy bandarini, naye hakuomba. Akabaki. Juni yote amekaa kwa mkewe, chumba cha ghorofa ya pili. Immaculée bado yuko matangani, nguo nyeusi ni zile zile, na mumewe ndiye anayemfulia.

Asubuhi Peguy huteremka ngazi na beseni. Majirani husimama kumpisha, kwa kuwa ni marehemu na anastahili njia.

"Bonjour, Papa Peguy. Umelala salama?"

"Salama, maman."

Na wakati anapita, wao huhamishia mikoba yao bega la upande wa ukutani, mbali naye.