Chumba Alichokikataa Bwanausi

Kitendawili, wewe uliyejikunja hapo. Sema tega, usinikodolee macho tu. Nampa hataki, nikimnyima ananuna.

Umeshindwa? Usinipe mji, miji ninayo mingi na sijui niifanyie nini. Jibu lake ni mgeni wa Pwani mbele ya sahani. Mkaribishe wali, atakwambia ametoka kula sasa hivi, na huku tumbo linanguruma mpaka kuku wa uani wanageuka. Mkaribishe tena, atasema basi kidogo tu, nisikuudhi. Mkaribishe mara ya tatu, na hapo nawa mikono upesi, maana ukichelewa utakuta nakshi ya sahani. Lakini ole wako umkaribishe mara moja ukanyamaza. Atakusema Bagamoyo nzima, kwamba nyumba ile watu wake wachoyo.

Basi Bwanausi wa Mapinga alilelewa hivyo, akaleleka barabara. Alikuwa mtu wa makamo, mgane, dalali wa viwanja, ana tumbo la heshima na kofia ya mkono iliyotiwa wanga mpaka ukiigonga inalia. Shida hakuwa nayo ila moja, na shida hiyo ikiitwa Sabiha.

Sabiha alikuwa mjane mwenye duka la khanga pale mjini Bagamoyo, mwanamke wa maneno machache, macho yake yakicheka kabla ya mdomo. Kabla ya mwezi wa Maulidi, Bwanausi alipeleka posa kwa njia yake. Washenga walikwenda kwa Mikdad, kaka yake Sabiha, ambaye ndiye walii wake. Mikdad aliridhia papo hapo, akauliza na pilau ya siku ya harusi itapikwa na nani. Sabiha naye akaulizwa. Akasema, "Nimesikia."

Basi, hilo tu. Maulidi ikaja, ikasomwa, ikapita, na watu wakawa wanaigeuza ile "nimesikia" kama chapati kwenye chuma, huku imeiva, huku bado. Bwanausi akaenda kwa shehe. Shehe akamweleza kuwa mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa lazima atamke kwa kinywa chake. Na kusikia, akaongeza shehe, si kuridhia, kwani hata yeye humsikia Bwanausi anavyokoroma kwenye mawaidha na hajaridhia hata siku moja.

Sasa, Bwanausi alikuwa na mali moja ambayo hakuwahi kuila. Wanunuzi wake wengine wa viwanja hutoka Uarabuni na Ulaya, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatafutia vyumba kwenye hoteli moja kubwa ya ufukweni, akiviandikisha kwa jina lake. Kila mgeni alipolala, hoteli ilimwekea Bwanausi pointi. Pointi si pesa, hununulii hata dagaa, ila zikijaa unapewa kadi ya rangi ya dhahabu, unalala bure, na tena ukifika wanakupandisha. Ulistahili chumba cha kawaida, wanakupa cha juu, chenye sebule yake na roshani inayotazama bahari yote. Bwanausi alizilea pointi zile kama vifaranga. Asubuhi kabla ya chai alifungua simu kuona kama zimeamka salama.

Akawaza kuwa mwanamke akikaa kwenye roshani ile, upepo unampepea, hana wa kumpimia khanga wala wa kumkopa, atakosaje kusema ndiyo? Kumwita peke yake haikuwezekana, hilo hata wewe unalijua. Basi akamwalika Mikdad, na shangazi yao Bi Ashatu, na Sabiha amsindikize shangazi. Kwenye simu akamwahidi Mikdad kwamba akina mama watalala chumba cha juu kabisa. Mikdad akawatangazia ukoo mzima mpaka Fukayosi. Ikawa sasa ahadi imetoka kinywani, na ikivunjika, Bwanausi atamtazama Sabiha kwa uso upi?

Walifika mchana. Bi Ashatu alibeba kikapu cha visheti, chupa ya chai na mkeka, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Pale mapokezi, kwenye jiwe linalong'aa kama kioo, akaweka visheti na kuuliza mama mwenye nyumba yuko wapi amsalimie.

Binti wa mapokezi aliitwa Shaima, ushungi umemkaa kama amezaliwa nao. Akawaamkia wote, akapokea visheti kwa mikono miwili, akatazama kompyuta yake, uso ukamchangamka.

"Mzee Bwanausi, kwa kadi yako leo naweza kuwapandisha. Kuna chumba ghorofa ya juu, kina sebule na roshani ya baharini. Ungependa?"

Hapo ndipo ulimi wa Bwanausi ulipofanya kazi uliyofundishwa utotoni. Mkono ulipanda kifuani wenyewe, kichwa kikainama.

"Aa, mwanangu, msijisumbue. Hicho cha kawaida kinatutosha sana."

Akatabasamu, akangoja kubembelezwa.

"Sawa, mzee," akasema Shaima, akabonyeza.

Bwanausi akaendelea kutabasamu, lakini sasa tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, halina mwenyewe. Nyuma yao alisimama kijana wa kaptura. Shaima akamuuliza swali lile lile, na kabla halijafika mwisho kijana akasema, "Nipe." Akapewa. Akaingia kwenye lifti anatafuna chingamu. Bi Ashatu akamtazama mpaka lifti ikafumba mdomo, kisha akanong'ona kuwa mama yake yule mtoto ana kazi.

Mambo hayakuishia hapo. Alikuja mhudumu na sinia la sharubati ya ukwaju, barafu zinagongana. Mikdad, ambaye koo lilikuwa limekauka tangu njiani, akasema ahsante, amekunywa maji sasa hivi. Sinia likageuka likaenda zake. Mikdad akalisindikiza kwa macho kama mtu anayemuaga msafiri wa Hija.

Chumba walichopewa Bi Ashatu na Sabiha kilikuwa chini, nyuma, dirisha lake linatazama uwanja wa kuanikia mashuka. Mbele palikuwa na kamba, na juu ya kamba mashuka meupe, safu kwa safu, na nyuma ya mashuka jenereta likikohoa. Bwanausi alisimama mlangoni, jasho linamtoka na kiyoyozi kinapuliza. Alitaka kusema kitu kuhusu bahari. Sabiha akasogea dirishani, akatazama.

"Angalau tutajua taulo zimekauka," akasema.

Macho yalicheka au hayakucheka, Bwanausi hakuthubutu kuangalia. Alirudi mapokezi mbio, mwendo wa mtu anayejifanya hana haraka.

Na huyu ni mtu wa adabu, hawezi kusema nataka kile chumba. Alianza kwa kumuuliza Shaima habari za nyumbani. Akasifu ujenzi wa hoteli, akasifu sakafu, akasema sakafu kama ile Mapinga haijawahi kufika. Kisha akataja, kwa mbali, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba shangazi yao Bi Ashatu tangu utoto wake macho yake hupumzika akiona maji. Shaima hakuwa mjinga. Akatazama tena kompyuta, akasema kuna kingine, hakina sebule, lakini kipo upande wa bahari, awahamishie?

Bwanausi alihisi ule mkono unapanda. Aliutazama unavyopanda, kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani akiingia shambani kwake. Ukafika kifuani.

"Aa, hapana, mwanangu, nisikutaabishe."

"Sawa, mzee."

Akabonyeza tena. Ikatokea familia moja ya watu wa Dar, wakakichukua na mto wa nyongeza juu.

Bwanausi alimweleza Mikdad msiba wake. Mikdad akacheka, akasema hayo ni mambo ya watu wa Mapinga, watoto wa Bagamoyo mjini wanajua kuongea na watu, na akaenda yeye. Alirudi baada ya kitambo, kofia mkononi. Alikuwa ameulizwa kama angependa hata chumba cha kona, mbali na jenereta, na alikuwa amekataa mara moja tu, kwa utangulizi. Wakati wa kula ikawa hivyo hivyo. Mhudumu alimuuliza Mikdad amwongeze kipande cha changu, Mikdad akafunika sahani kwa kiganja, na samaki akaondoka mzima mzima. Mwisho wake Mikdad aliomba ruhusa, akaenda chumbani kwa shangazi kula visheti vilivyobaki kikapuni.

Alasiri ilipokaribia, Bwanausi alikaa kwenye kochi la mapokezi, amejikunyata. Bi Ashatu alikuwa pembeni yake, ametandika mkeka wake juu ya zulia la watu, kwa sababu kochi, alisema, lilikuwa linammeza. Bwanausi hakuvumilia tena. Akamwita Shaima, akamuuliza kwa upole, kama mzazi kwa mtoto, kwa nini humkaribisha mtu mara moja akaacha.

Shaima akatazama huku na huku, akapunguza sauti.

"Mzee wangu, mimi kwetu Lugoba. Kwa mama yangu nakataa mara tatu halafu nakula kuliko wote. Lakini hapa tumefundishwa mgeni akisema hapana, ni hapana. Nikiuliza tena, naonekana namlazimisha."

"Kwa hiyo mtu akikataa kwa adabu?"

"Anakosa kwa adabu."

Bi Ashatu alicheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Alipomaliza kucheka, akamgeukia Bwanausi, uso umekuwa mwingine.

"Na wewe, baba, posa yako ulileta mara ngapi?"

"Mara moja, shangazi."

"Akasema amesikia."

"Alisema hivyo."

"Ukaenda zako."

Bwanausi akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ukakaa Mapinga unalea pointi," akasema Bi Ashatu. "Unamlaumu bure mtoto wa watu na kompyuta yake. Kompyuta ni wewe."

Yale maneno yalimwingia Bwanausi taratibu, kama maji kwenye mchanga mkavu. Alikuwa ameichukua ile "nimesikia", akaikunja, akaiweka mfukoni, akaitembeza kwa shehe na kwa majirani. Aliuliza kila mtu. Mwenyewe hakumuuliza tena. Alidhani kungoja ndiyo heshima. Na mwanamke wa watu alikuwa amekaa nyuma ya khanga zake, sahani iko mbele yake, anangoja aambiwe karibu tena.

Wakati huo huo Sabiha akatokea ukumbini, mtandio begani, anamtafuta shangazi waende kutia udhu. Mikdad alikuwa nyuma yake, makombo ya visheti kwenye ndevu. Na Shaima naye, kama aliyepangiwa, akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Mzee Bwanausi, kuna mgeni ameahirisha safari. Chumba kingine cha juu kimebaki wazi, nacho kina sebule na roshani. Niwape?"

Bwanausi alisikia. Mkono ukaanza safari yake, naye akaushika kwa ule mwingine. Lakini hakumjibu Shaima. Alisimama, akaiweka sawa kofia, akageuka upande wa pili, mbele ya walii, mbele ya shangazi, mbele ya wahudumu na masinia yao.

"Bi Sabiha, nilileta posa kabla ya Maulidi. Naileta hapa tena. Unakubali nikuoe?"

Mikdad akaacha kutafuna. Sabiha akainamisha macho, na mkono wake, wallahi, ukapanda kifuani.

"Aa, kaka Bwanausi, usijisumbue. Mimi goti langu bovu, ngazi sipandi."

"Nyumba yangu haina ngazi. Nakuuliza tena."

"Na duka nitamwachia nani?"

"Humwachii mtu. Nitakupeleka asubuhi na kukurudisha jioni, na siku ya gulio nitakaa nikunje khanga."

"Hujui kukunja khanga."

"Sijui. Utanifundisha."

Sabiha akavuta mtandio mpaka ukamfika paji la uso. Alisema kwa sauti ndogo kwamba watu watasema.

"Watu wamekwisha kusema," akadakia Bi Ashatu kutoka mkekani, "wamechoka, sasa hivi wanapumzika."

Bwanausi hakumtazama shangazi. Kwa upande mmoja alimwona Shaima amesimamisha kidole juu ya kompyuta, na mlangoni wameingia watu wengine wawili wenye mabegi, wa kaptura wote. Hakujali. Akapiga hatua moja, akasimama palipo na heshima yake.

"Bi Sabiha binti Hamoudi, nakuomba kwa mara nyingine, na ukinikatalia nitakuomba kesho, na keshokutwa nitakuomba nikiwa dukani kwako mbele ya wateja. Unanikubali?"

Wahudumu waliweka masinia chini. Hata jenereta kule nyuma liliacha kukohoa. Mikdad alifumba macho, na Bwanausi akajua kuwa sasa kimya hakitoshi kwake, wala kwa shehe, wala kwa sheria. Lazima atamke.

Sabiha akautoa mtandio usoni, akamtazama, na safari hii mdomo ukacheka pamoja na macho.

"Nimeridhia, Bwanausi. Nimeridhia tangu Maulidi. Haya, mjibu na huyo binti kuhusu chumba, kabla mkono haujakuponyoka."